Uzito wa Mgeni

Hombolo, upepo wa Julai huamka kabla ya jogoo.
Unasukuma mlango wa zahanati, unaingia,
unakaa juu ya daftari kama mkaguzi.
Nafuta vumbi kwa kiganja, nafuta tena,
kisha natundika mizani kwenye boriti,
na ile suruali ya turubai yenye matundu mawili ya miguu.

Kazi yangu ni hiyo, kupima watoto.
Silipwi. Nililitamka hilo siku ya kwanza, kwa fahari kidogo,
na Mama Nhonya akaniuliza,
"Kwani kwenu umekosana na nani, Mghoi?"

Kwetu Wundanyi kuna ukungu, migomba,
maji yanayojiendea hata usipoyaita.
Hapa maji yana foleni, na foleni ina wenyewe:
ndoo ya kijani ya Mbeleje,
dumu la Chiwanga lisilo na mfuniko,
na jiwe, jiwe tupu,
lililoshika zamu ya mtu aliyekwenda kukamua.
Nilitukanwa mara mbili ndipo nikajua
kwamba jiwe lile halirukwi.

Kiswahili changu nacho kilivuka mpaka na tabia zake.
"Nipe chumvi," nilisema dukani,
muuza duka akanitazama kana kwamba nimeshika panga.
Sasa naomba. Naomba chumvi, naomba kupita,
naomba hata chenji yangu mwenyewe.
Asubuhi nasema "Mbukwa,"
na vikongwe wanacheka jinsi ninavyoibana,
kisha wananiitikia polepole, ili nijifunze.

Mlenda wa usiku wa kwanza
ulinivutikia kutoka bakuli hadi kidevuni
kama uzi wa fundi aliyeghairi nguo.
Siku hizi usipovuta nauliza nani kapika.

Jumanne moja mshale ulikataa kusogea.
Mtoto wa Ndajilo, miezi tisa, kilo tano na kidogo.
Niligonga mizani kwa kidole, kana kwamba kosa ni la chuma.
Nikaweka nukta penye rangi nyekundu.
Ndajilo hakulia. Alikunja kadi mara nne
akaiweka kifuani, mahali anapoweka pesa.
Usiku huo sikuandika barua nyumbani.

Kisha uwele ukaingia ghalani
na Jumamosi kijiji kikachinja.
Wanawake wakaja na ngoma, wakazibana mapajani,
na wale niliowajua kwa namba za faili,
huyu damu pungufu, huyu mgongo,
huyu aliyekuja na aibu ya kuuliza jambo dogo,
wakapiga mpaka ardhi ikanipanda magotini.
Ndajilo alishika ngoma kubwa.
Mwanawe yuko kwa bibi, ananyonya mfupa wa mbuzi.
Kadi yake sasa ni kijivu. Kijivu si kijani,
lakini mfupa ule aliushika kwa mikono miwili.

Sijui nani alianza.
Nilisikia tu, "Na yeye! Na yeye apimwe!"
Wakanibeba mzobemzobe hadi ghalani,
penye mizani ya kupimia magunia,
wakanifunga kwa khanga tatu,
nikaning'inia, viatu vimedondoka,
mshale unacheza, watoto wote wa kliniki wananitazama
kwa kisasi kitamu.

"Sitini na nne!"
"Alipokuja?"
"Hamsini na nane, nilimwona mwenyewe, mifupa mitupu!"
Vigelegele. Chiwanga akaanguka kwa kucheka.

Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini.
Nilikuwa nimewaambia, na walikuwa wamenyamaza.
Mama Nhonya akachomoa kalamu kwenye nywele zangu,
akakosa karatasi, akaandika kiganjani mwangu
kwa herufi za mtu aliyejifunza ukubwani,
akizisema moja moja huku nikibembea:

Mtoto anaendelea vizuri.
Arudi mwezi ujao.